Meli ya Wajerumani na sisi tuliopanda

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano mkuu wa chama, Kiringye



Wageni wakifika huku wanatuulizaka: vitu vya Wajerumani viko wapi ku hili ziwa? Leo tunawapa vijana wanaotembeza wageni jibu, na tunaongeza kitu ambacho vitabu vya safari havina.

Hapa Kiringye Mjerumani hakutawala. Ruzizi ndiyo ilikuwa mpaka: upande wetu Mbelgiji, ng'ambo Mjerumani. Basi mgeni lazima avuke. Bujumbura ilianza kama kambi ya askari wa Kijerumani mwaka 1897, wakaiita Usumbura. Gitega waliianzisha 1912. Kigoma reli yao kutoka Dar es Salaam ilifika 1914, na stesheni waliyojenga ingali inasimama karibu na bandari.

Lakini kitu wageni wanachokitafuta zaidi ni meli. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa ndani ya masanduku kama 5,000, ikapita bahari na reli mpaka Kigoma, ikaungwa tena. Mwaka 1915 iliingia majini kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916, vita ilipowazidi, Wajerumani wenyewe waliizamisha, lakini kwanza walipaka mashine mafuta mazito zisiharibike. Waingereza waliiinua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Vijana, mgeni akiuliza Götzen alikuwa nani, musimufiche. Alikuwa gavana wakati vita ya Maji Maji ilipoanza 1905. Askari wa serikali yake walichoma mashamba na maghala, njaa ikamaliza watu. Na sisi wa upande huu tusijitoe: 1916 Wabelgiji walipokwenda kupigana mpaka Tabora, mizigo yao ilibebwa na wapagazi wa Kongo.

Sasa kile ambacho vitabu havina. Mwaka 1997 Umoja wa Mataifa uliikodi Liemba irudishe wakimbizi wa Kongo kutoka Tanzania. Watu zaidi ya 75,000 walirudishwa nayo. Wengine kati yao wako ndani ya mkutano huu. Siku ile hatukuangalia chuma cha zamani. Tuliangalia milima, tunaulizana: hii ni ya Burundi ao imekuwa ya kwetu? Tulikuwa na sufuria, blanketi, na mbegu ya maharagwe iliyofungwa ndani ya kipande cha kitenge. Tulifika, tukalima. Mwaka uliofuata vita ilitukimbiza tena.

Na watoto tuliorudi nao walichekwa. Wenzao wanasema franga, wao wanasema hela. Wenzao wanakwenda ku masomo, wao wanakwenda shule. Wakaitwa Watanzania, na wengine wakaacha kusema kabisa darasani. Kumbe hela ni Heller, sarafu ndogo ya Wajerumani wa wakati ule, na shule ni Schule, neno lao pia. Mtoto alichekwa juu ya urithi ule ule ambao mgeni analipa nauli kuja kuuona. Wazazi tulinyamaza, kwa sababu hata sisi hatukujua.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili.

Kwenu wamemba: kila familia iliyopanda ile meli ifike kwa mwandishi wa chama, iseme nani alipanda, alibeba nini, na nani alibaki kaburini kule kambini. Wazee wanatutoka kila mwaka, na hakuna kitabu kilichoandika majina yao.

Kwenu wafadhili: hatuombi jumba la makumbusho. Tunaomba madaftari, na nauli ya vijana wawili wafike Kigoma, waione meli na stesheni kwa macho yao. Mtu hawezi kuongoza mgeni mahali ambapo yeye mwenyewe hajafika.

Na ninyi vijana, mwambieni mgeni aulize bandarini kwanza mbele ya kulipa. Ile meli ni mzee, matengenezo yanaisimamisha. Akiikuta imefungwa, arudi hapa Kiringye. Sisi tuliopanda tuko, tutamusimulia.