Majimbo Yanayoweza Kumbeba Mgombea wa Mrengo wa Kushoto katika Mchujo wa Urais Marekani



Utangulizi

Kila mchujo wa urais unapokaribia nchini Marekani, swali hili huzuka ndani ya chama cha Democratic: mgombea wa mrengo wa kushoto, anayepambana na yule anayekubalika na wakubwa wa chama, atapata kura majimbo gani? Wengi hujibu kwa kufungua ramani ya mwaka 2016, Bernie Sanders, mgombea wa kushoto, alipomshinda Hillary Clinton katika majimbo 22. Hoja yangu ni kwamba ramani ile ikisomwa peke yake inapotosha. Ushindi ule ulitokana na mambo matatu yasiyofanana: utaratibu wa kupiga kura, hasira za wapiga kura, na imani ya kweli katika sera. Imani ndiyo inayodumu.

Kwa mrengo wa kushoto ninakusudia wanasiasa wanaodai bima ya afya ya serikali kwa kila raia, vyuo vya umma bila ada, kodi kubwa zaidi kwa matajiri na nguvu zaidi kwa vyama vya wafanyakazi.

Utaratibu wa kupiga kura

Majimbo mengine hupiga kura ya siri; mengine yamekuwa yakiitisha mikutano ya wanachama. Mkenya aliyeshuhudia mlolongo wa uteuzi wa KANU, chama tawala cha Kenya wakati huo, mwaka 1988 angeutambua mkutano wa Iowa bila kuelezwa. Jioni ya baridi watu waliingia ukumbi wa shule, wafuasi wa kila mgombea wakasimama kona yao, wakahesabiwa. Kundi lisilofikisha kiwango, ambacho kwa kawaida ni asilimia 15, liliruhusiwa kuhamia kwingine, na hapo majirani wakaanza kubembelezana. Shughuli hiyo ilichukua saa kadhaa. Muuguzi wa zamu ya usiku hakuweza kufika, wala mzee asiyeweza kusimama. Waliofika kwa wingi ni vijana na wafuasi wenye ari, yaani watu wa Sanders.

Jimbo la Washington linaonyesha tofauti hiyo waziwazi. Machi 2016 Sanders alipata zaidi ya asilimia 70 katika mikutano. Miezi miwili baadaye jimbo hilohilo lilipiga kura ya siri isiyogawa wajumbe wanaomteua mgombea wa chama. Waliojitokeza walikuwa zaidi ya mara tatu ya wale wa mikutanoni, na Clinton akashinda. Nebraska ilifanya vivyo hivyo. Kufikia 2020, Washington, Idaho, Maine na Minnesota zilikuwa zimehamia kura ya siri, na zote nne zikaenda kwa Joe Biden. Kwa hiyo majimbo ya namna hii yasihesabiwe kuwa ngome.

Kura za hasira

Mwaka 2016 Sanders alishinda kaunti zote 55 za West Virginia, na akaichukua Oklahoma pia. Hizi si sehemu za siasa za kushoto. Wengi wa waliopiga kura huko walikuwa bado wamesajiliwa Democratic kwa mazoea ya miaka mingi, ilhali kura yao ya uchaguzi mkuu wa Novemba ilikwisha kuhamia Republican. Walichokuwa wakikataa ni Clinton.

Ushahidi mzito zaidi uko Michigan. Mwaka 2016 Sanders alimshinda Clinton kwa tofauti ndogo, ushindi ulioshangaza taifa. Mwaka 2020, akiwa na sera zilezile, alishindwa na Biden katika kaunti zote 83. Hata hivyo Michigan ina moto wake wa kushoto: Februari 2024 zaidi ya watu 100,000 walichagua kutomuunga mkono mgombea yeyote, wengi wao wakipinga msimamo wa Biden kuhusu Gaza. Minnesota, yenye jamii kubwa ya Wasomali, ilifuata wiki moja baadaye kwa takriban asilimia 19. Huo ni mtaji halisi, ila mgombea anapaswa kuujenga upya kila mara.

Kura za imani

Ngome za kweli ni majimbo yaliyomchagua Sanders hata masharti yalipobadilika au yalipombana. Vermont, nyumbani kwake, haina mjadala. New Hampshire ilimpa ushindi mara mbili; huko asiyejiandikisha katika chama chochote anaruhusiwa kushiriki mchujo, na mwaka 1968 ndiko Seneta Eugene McCarthy, mpinga vita vya Vietnam, alikopata asilimia 42 dhidi ya Rais Lyndon Johnson, ambaye wiki chache baadaye alijitoa. Colorado na Utah ziliacha mikutano zikaingia kura ya siri, bado zikamchagua. Oregon iliruhusu wanachama wa Democratic pekee, na mwaka 2016 Sanders akashinda.

Kisha kuna Nevada na California, alizozikosa 2016 na kuzipata 2020. Kilichobadilika ni Walatino. Nevada inastahili kuangaliwa kwa karibu. Culinary, chama cha wafanyakazi wa hoteli za Las Vegas, kiliwaonya wanachama kwamba mpango wa Sanders ungeondoa bima ya afya waliyoipigania kwa miaka mingi. Siku ya kura, wahudumu na wasafisha vyumba walikutana katika kumbi za hoteli zilezile wanazofanyia kazi, na wengi wao wakasimama upande wa Sanders. Timu yake ilikuwa imewafikia mapema, nyumba kwa nyumba, kwa Kihispania.

New York nayo inahitaji jicho jipya. Mwaka 2016 sheria yake ilimtaka asiye mwanachama ahamie chama miezi sita kabla ya mchujo, na Clinton akashinda kwa asilimia 58. Lakini mwaka 2025 Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala na msoshalisti wa kidemokrasia, alishinda mchujo wa umeya wa Jiji la New York uliofungiwa wanachama pekee, kisha akachaguliwa meya. Jiji si jimbo zima, lakini mlango umefunguka.

Kusini

Hapa, ambako Weusi ni sehemu kubwa ya wapiga kura wa Democratic, ndipo wagombea wa kushoto huangukia. Mwaka 2016 Clinton alipata zaidi ya asilimia 70 South Carolina na zaidi ya 80 Mississippi. Mwaka 2020 Biden, aliyekuwa amefanya vibaya Iowa na New Hampshire, alifufuliwa na South Carolina, siku tatu baada ya mbunge wa huko, Jim Clyburn, kumuunga mkono. Haraka wapinzani wenzake wa mrengo wa kati wakajitoa, na Sanders akabaki bila faida ya kura zilizogawanyika.

Wako wanaohitimisha kwamba Wamarekani Weusi wa Kusini hawapendi sera za kushoto. Historia inakataa. Mwaka 1988 Mchungaji Jesse Jackson aligombea akidai bima ya afya ya taifa, kupunguza bajeti ya jeshi na vikwazo dhidi ya Afrika Kusini ya makaburu. Alishinda Alabama, Georgia, Louisiana, Mississippi na Virginia siku moja, kisha akaichukua Michigan. Sanders mwenyewe, akiwa meya wa Burlington, alimuunga mkono. Weusi wa Kusini walimjua Jackson kutoka makanisani na katika harakati za haki za kiraia. Walimwamini kabla hajawaomba kura.

Hitimisho

Mpinzani wa kushoto anaweza kutegemea Vermont, New Hampshire, Colorado, Utah na Oregon; anaweza kushinda Nevada na California akiwafikia Walatino mapema; na anaweza kupigania Michigan, Minnesota na pengine New York. Orodha hiyo haitoshi. Wajumbe hugawanywa kwa uwiano, hivyo anayeshindwa Kusini kwa tofauti kubwa hupoteza palepale alichovuna kwingine.

Ninawaomba watafiti na waandishi wa habari wanaofuatilia chaguzi hizi waulize maswali mawili kabla ya kuchora ramani: kura ilipigwaje, na mgombea alianza lini kuwatembelea wapiga kura Weusi wa Kusini? Atakayekwenda kwao mwezi mmoja kabla ya kura ataishia nafasi ya pili, alikoishia Sanders 2016 na 2020.