Mjinga ni Mgeni wa Maandishi: Maana ya Kisomo kwa Waswahili wa Riyadh na Jeddah



1. Utangulizi

Mwaka 1958 UNESCO ilieleza kuwa anayejua kusoma na kuandika ni yule awezaye kusoma na kuandika, huku akielewa, maelezo mafupi na mepesi kuhusu maisha yake ya kila siku. Maneno mazito hapo ni mawili: "akielewa" na "maisha yake". Basi Mswahili aliyemaliza kidato cha nne Tanga au Mombasa, kisha akaja kufanya kazi Riyadh au Jeddah, bado anajua kusoma?

2. Ujinga na ummi

Kiarabu humwita asiyejua kusoma ummi. Wengi hulinasibisha neno hili na umm, yaani mama: mtu aliyebaki kama alivyozaliwa. Si tusi, kwani Qurani imemwita hivyo Mtume mwenyewe. Sisi tulichukua "mjinga", na wakati mwingine "maamuma", ambaye kwa asili ni anayeswali nyuma ya imamu. Hata hivyo, mjinga wa zamani hakuwa mpumbavu. Zanzibar ya karne ya 19 ilimwita mjinga mgeni aliyeshuka juzi, hasa mtumwa mpya, asiyejua lugha wala desturi za mji. Maana hiyo ndiyo ninayotaka tuirudie.

Wasaudia husema mahw al-ummiyya, kufuta ummi. Tanzania nayo ilisema kufuta ujinga. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na watu wazima wasiojua kusoma, waliokuwa takriban asilimia 67 mwaka 1967, kwa takwimu za serikali walishuka hadi chini ya asilimia 10 mwaka 1986. Kujua kuandika jina hakukutosha. Katika mtihani wa taifa wa 1975, aliyefika daraja la nne, la juu kabisa, ni yule aliyeweza kusoma gazeti, kufuata maelekezo ya kilimo na kutunza hesabu zake. Kisomo cha namna hiyo kilikuwa na jina zuri: kisomo chenye manufaa.

3. Kusoma bila kuelewa

Wengi wetu tulikaa chuo cha Qurani kabla ya kukaa shuleni. Tulianza alifu kwa kijiti, tukapanda juzuu kwa juzuu hadi tukahitimu. Lakini msahafu una irabu, na mkataba hauna. Chukueni herufi tatu: ain, qaf, dal. Kwa irabu hizi ni aqd, mkataba, ndiyo akdi yetu ya ndoa. Kwa zile ni iqd, mkufu. Kwa nyingine ni uqad, mafundo. Mwenye Kiarabu chake hababaiki, kwa kuwa maana humwonyesha irabu. Sisi tunangoja irabu itupe sauti, na sauti peke yake haitufikishi kwenye maana.

Tarakimu nazo zina mtego. Tano ya huku (٥) inafanana na sifuri yetu, na sifuri ya huku (٠) ni nukta. Mshahara wa riyali 1,500 ukiandikwa ١٥٠٠, jicho lililofunzwa Tanga linaona kumi na nukta mbili.

Na si suala la macho tu. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Kazi ya Saudia kinasema kuwa mkataba ukiandikwa kwa Kiarabu na lugha nyingine, Kiarabu ndicho kinachoshika. Dereva anaweza kuusoma upande wa Kiingereza neno kwa neno, na haki yake ikawa imelala upande wa pili.

Dada zetu wa kazi za majumbani husema, "Nimerudishwa maktab," yaani ofisi ya wakala. Maktab, kitabu, maktaba na katibu vyote vimetoka mzizi mmoja wa kuandika. Jina la ofisi ile linatosha kutukumbusha kazi inayofanyika pale.

4. Mapendekezo

Kwanza, tuache kumwita mwenzetu mjinga kwa kebehi. Kila mmoja wetu alikuwa mjinga, kwa ile maana ya zamani, siku aliyoshuka uwanja wa ndege.

Pili, mafunzo ya kabla ya safari kule Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa yaingize tarakimu za Kiarabu na maneno ya mkataba: mshahara, likizo, muda, saini.

Tatu, asiyeweza kusoma upande wa Kiarabu asitie saini kabla ya kusomewa na mtu anayemwamini. Kusomewa si aibu.

5. Hitimisho

Kisomo hupimwa mahali mtu alipo, kwa maandishi yanayotawala riziki yake. Kwa kipimo hicho wengi wetu humu ukumbini, pamoja na vyeti vyetu, bado tuko darasa la kwanza. Tarakimu ni kumi tu, na moja ya Kiarabu ni kijiti kama alifu. Ubao uko mbele yetu. Kabla ya chai, tuziandike.