Magoti Yanauma: Tutumie Dawa za Asili kwa Akili

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Mbwera)

 

Leo hatuandiki ubaoni. Tumekuja kuzungumza juu ya magoti. Mnacheka? Haya, tuulizane: nani hapa aliyeamka alfajiri, akainuka kitandani, na magoti yasimsumbue? Mikono ni michache!

Sababu tunazijua. Tunapanda mpunga tumeinama, miguu majini. Tunakata mikoko topeni. Tunapiga kasia. Tunabeba magunia mpaka kwenye mashua. Ungio la mwili ni kama bawaba ya mlango. Kati ya mfupa na mfupa pana gegedu, nalo ni laini na linateleza. Likilika kwa miaka mingi, mifupa husuguana, goti huuma na kuvimba. Huo ni uchakavu. Hakuna dawa ya kurudisha gegedu likawa jipya, iwe ya hospitali au ya asili. Lakini maumivu yanaweza kupunguzwa, na mtu akaendelea na kazi yake.

Tuwasimulie jambo moja. Katika darasa letu la zamani alikuwapo mama mmoja, msomaji hodari. Magoti yalimtesa. Akanunua unga kwa mchuuzi, eti ni dawa ya Kihindi ya baridi yabisi. Kopo lilikuwa na picha ya mtu anayekimbia, basi. Halikuwa na maandishi hata mstari mmoja. Siku ya tatu maumivu yakaisha! Tukamsifu. Hata sisi walimu wake hatukuuliza kitu. Baada ya miezi uso ukamvimba ukawa mviringo, na presha ikapanda. Unga ulipokwisha akalegea, akaanguka shambani. Daktari alisema hizo ni dalili za steroidi, dawa kali ya hospitali ambayo wengine huichanganya kwa siri katika unga wa miti. Dawa hiyo mtu hapewi bila kupimwa, na akishaizoea haachi ghafla. Mama alipona, ila kwa shida.

Jamani, tulimfundisha kusoma, lakini hatukumfundisha kukataa kopo lisilosomeka. Kosa hilo ni letu. Ndiyo maana tuko hapa leo.

Je, tiba ya Kihindi ni mbaya? Hapana. Tiba hiyo inaitwa Ayurveda, maana yake elimu ya uhai, na ni ya kale sana. Vitu vyake vingi si vigeni pwani yetu: manjano, tangawizi, pilipili manga, ubani, mafuta ya ufuta. Vililetwa na majahazi zamani, vingine tunavilima wenyewe. Wataalamu wamepima manjano na tangawizi kwa wagonjwa wa magoti, wakaona kwamba huweza kupunguza maumivu kidogo. Tunasema kidogo, hatusemi vinaponya.

Kwa hiyo tufanye hivi:

Kwanza, mafuta. Weka mafuta ya ufuta au ya nazi katika kikombe, kisha kikombe ndani ya maji ya moto. Yakipata uvuguvugu, chua goti polepole kwa dakika 10. Usichue goti lenye joto kali wala lenye kidonda.

Pili, kukanda. Goti lililokakamaa asubuhi, likande kwa kitambaa cha maji ya moto yasiyounguza. Lililovimba likawa na joto, liwekee kitambaa cha maji baridi.

Tatu, viungo vya chakula. Tia manjano na pilipili manga kidogo katika mchuzi, na tangawizi katika chai. Anayetumia dawa za kuzuia damu isigande, au mwenye mimba, asinywe viungo hivi kwa wingi kama dawa kabla ya kumwuliza mganga wa zahanati.

Nne, mazoezi. Kaa kitini, nyoosha mguu mmoja, hesabu mpaka 5, ushushe. Fanya mara 10 kila mguu, kila siku. Msuli wa paja ukipata nguvu, goti hupunguziwa mzigo. Zoezi hili halina gharama, nalo husaidia kuliko unga mwingi unaouzwa.

Sasa tahadhari. Mwaka 2004 wataalamu huko Boston, Marekani, walipima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani. Katika dawa 14 walikuta risasi, zebaki au aseniki. Hizo ni sumu. Hapa kwetu ipo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na lipo Baraza linalosajili waganga na dawa zao. Basi mwulize mwuzaji: imesajiliwa? Ina nini ndani? Imetengenezwa lini, na wapi? Akikosa jibu, mwachie kopo lake. Tena dawa ikikuponya kwa siku mbili tatu kama muujiza, ishuku. Kama umekwisha kuitumia, usiiache ghafla; ichukue na kopo lake uende zahanati.

Wala tusidhani kila uvimbe ni baridi yabisi. Mguu wote ukivimba, yaweza kuwa matende, yanayoletwa na mbu. Kidole gumba cha mguu kikiwaka moto ghafla usiku, yaweza kuwa jongo. Hapo punguza pombe, maini, nyama nyingi na dagaa. Vidole vya mikono yote miwili vikivimba na kukakamaa kila asubuhi kwa wiki kadhaa, nenda hospitali mapema kabla havijapinda. Na mtoto mwenye homa na maungio yaliyovimba asichuliwe, asingojewe. Homa ya namna hiyo yaweza kuharibu moyo wake, au ikawa ni selimundu. Tunajua hapa safari ni ya maji kujaa na kupwa. Basi maji yajayo, mtoto awe chomboni.

Mwisho, vidonge vya maumivu vya dukani navyo si peremende. Ukimeza diklofenaki kila siku kwa miezi, huumiza tumbo na figo.

Ndugu wahitimu, kusoma si kwa ajili ya cheti tu. Leo jioni, chukueni kila kopo la dawa lililomo nyumbani, mlisome kwa sauti mbele ya jamaa zenu.

Maswali ya kujadili:
1. Kopo gani nyumbani kwako halina maandishi?
2. Kazi gani shambani tunaweza kuifanya bila kuinama sana?
3. Mtoto akivimba maungio usiku, ni chombo cha nani kitakachompeleka?