Hotuba ya Mwenyekiti: Jenerali Musuguri na Sanduku Letu



Leo kikundi chetu kinatimiza miaka kumi, tumshukuru Mungu. Nimeombwa niseme machache juu ya uongozi, nami nimemchagua mzee wetu wa huku kanda ya ziwa, marehemu Jenerali David Musuguri.

Alizaliwa Butiama mwaka 1920. Mwaka 1942 aliingia jeshi la mkoloni, KAR. Idi Amin alipovamia Kagera Oktoba 1978, mzee huyu ndiye baadaye aliyeongoza Divisheni ya 20 mpaka Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Mwaka 1980 akawa Mkuu wa Majeshi. Mwaka 1988 akastaafu, akarudi kwao Butiama. Alifariki hapa Mwanza Oktoba 2024, akiwa na miaka 104.

Sasa akina mama, hesabuni. Ukuu wa majeshi miaka 8, kustaafu miaka 36! Aliyeshika bunduki zote za nchi alikabidhi, akaenda zake nyumbani. Sisi wenye sanduku moja la funguo tatu, mbona kukabidhi kutushinde? Vikundi vingapi huko mialoni vimekufa kwa sababu kiongozi aliona sanduku ni lake?

Mimi nimekalia kiti hiki miaka kumi. Yatosha. Uchaguzi ujao sigombei. Daftari lote lisomwe mbele yenu, na mkopo wangu nitaumaliza kabla ya siku hiyo. Mtakayemchagua nitamheshimu, hata akiwa wa rika la binti yangu.