Kusimama Wima kama Udzungwa: Mgongo Wako Ndio Mtaji Wako

(Mada iliyowasilishwa na Afisa Mawasiliano wa Halmashauri kwa wananchi wa Kata ya Mlabani, Ifakara)



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu hulifanya tangu alipotimiza mwaka mmoja, nalo ni kusimama. Huenda mtu akauliza, je, kuna haja ya kufundishwa kusimama? Naomba tuitazame siku ya mama mmoja wa bonde hili wakati wa msimu. Alfajiri anashika njia ya shambani. Kutwa nzima ameinama, akipanda au akipalilia mpunga. Wakati wa mavuno anainama tena na mundu mkononi. Jioni anajitwika ndoo ya maji. Usiku anainamia jiko lililo chini, akipikia familia. Mama huyo hana bima ya mazao wala mshahara wa mwisho wa mwezi. Mtaji wake ni mgongo, na siku mgongo utakapogoma, nyumba nzima itayumba.

Wala tatizo hili si la Ifakara peke yake. Watafiti wa kimataifa walikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani waliishi na maumivu ya kiuno. Hakuna maradhi mengine yanayowanyima watu wengi kiasi hicho uwezo wa kufanya shughuli zao.

Mazoezi ya yoga yalianzia India karne nyingi zilizopita. Tarehe 11 Desemba 2014, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitangaza tarehe 21 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga. Katika Afrika Mashariki mazoezi haya si mageni: jijini Nairobi, tangu mwaka 2007, Africa Yoga Project imekuwa ikiwafunza vijana, wakiwemo wa mitaa ya kipato cha chini, hata wakawa walimu wa yoga. Msingi wa mikao yote ya kusimama katika yoga unaitwa Tadasana, maana yake msimamo wa mlima. Sisi hatuhitaji kuelezwa mlima ni nini. Tukiinua macho tunaiona Udzungwa: chini imetanda na imetulia, juu imeinuka bila kujikakamua.

Najua wapo wanaojiuliza kama kufanya zoezi hili ni kuingia katika dini ya watu wengine. Swali hilo ni la haki na linastahili jibu la wazi. Ni kweli kwamba yoga ilikua pamoja na imani za India, na wako wanaoifanya kama ibada hadi leo. Lakini ninachokileta hapa ni namna ya kupanga mifupa na misuli. Hakina maneno ya kutamka wala cha kuabudu. Mkristo na Mwislamu wote husimama wima katika sala zao, na hakuna aliyekopa miguu kwa mwenzake. Asiyeridhika na jina la yoga aliite zoezi la kusimama; mgongo wake hautajali jina.

Sasa naomba wenye uwezo tusimame, tufuatane hatua kwa hatua.

Kwanza, miguu. Vua viatu. Tenganisha nyayo kiasi cha ngumi mbili, vidole vielekee mbele. Kila unyayo una nguzo tatu: shina la kidole gumba, shina la kidole kidogo, na kisigino. Gawa uzito wako katika nguzo hizo. Yumba kidogo mbele na nyuma, kisha kulia na kushoto, hadi uhisi nguzo zote tatu zimekaa ardhini. Ukitaka kujua kama una mazoea ya kuegemea upande mmoja, tazama soli za kandambili zako uone ni wapi zimelika zaidi.

Pili, magoti. Yanyooshe, lakini usiyasukume nyuma hadi yajifunge. Goti lililofungwa huumia mapema, na anayesimama hivyo kwa muda mrefu juani anaweza hata kuanguka.

Tatu, nyonga na kiuno. Hapa ndipo wengi tunapopotea. Wako wanaobinua makalio nyuma, na wako wanaosukuma tumbo mbele na kulegea. Weka mikono kiunoni, peleka nyonga mbele na nyuma polepole, kisha simama katikati. Vuta kitovu ndani kidogo, huku ukiendelea kupumua bila shida.

Nne, kifua na mabega. Inua mabega hadi karibu na masikio, yazungushe nyuma, kisha yaachie yashuke. Usitutumue mbavu. Mikono ining'inie kandoni.

Tano, kichwa. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa takribani kilo tano. Kikikaa juu ya mabega, mifupa hukibeba. Kikitangulia mbele, kama tunavyofanya tunapotazama simu, misuli ya shingo ndiyo inayolipa. Rudisha kidevu nyuma kidogo, macho yatazame mbele. Mwenzako akikutazama kwa ubavuni, sikio, bega na nyonga vinapaswa kukaribiana na mstari mmoja unaoshuka hadi mbele kidogo ya kifundo cha mguu.

Sasa vuta pumzi kwa pua, taratibu, mara tano hadi kumi. Zoezi limekamilika.

Ndugu wananchi, kuna tahadhari hapa. Kusimama wima si kukakamaa. Askari akiamriwa "mguu sawa" hukaza mwili wote, lakini hata yeye baadaye huamriwa "mguu pande" apumzike. Uti wa mgongo una mipindo yake ya asili: huingia ndani shingoni, hutoka nje mgongoni, huingia tena kiunoni. Lengo letu ni kuilinda mipindo hiyo, si kuigeuza kuwa ubao. Wazee na wenye kizunguzungu washike ukuta au kiti. Mama mjamzito asisimame mahali pamoja kwa muda mrefu.

Somo hili lina mizizi hata kwetu. Mwaka 1986, jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya kwa wanawake wa Kikuyu na Waluo waliozoea kubeba mizigo. Ilionekana kwamba waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya wanapotembea mikono mitupu. Bibi zetu waliotembea na ngata kichwani, shingo imetulia, walikuwa na elimu ambayo maabara ilikuja kuipima baadaye.

Lakini tufanye hesabu. Mama mwenye kilo 60, asilimia 20 yake ni kilo 12. Ndoo ya lita 20 ikijaa ina kilo 20, yaani theluthi ya uzito wake. Na binti wa shule ya msingi mwenye kilo 30 tunamtwika ndoo ileile! Utafiti ule haukuwapima watoto, lakini busara inatosha kutuonyesha njia: mtoto apewe dumu dogo, aende safari mbili. Baiskeli, ambazo mji wetu unazo kwa wingi, zibebe madumu makubwa.

Shambani napo, usikunje mgongo kama upinde. Kunja magoti kidogo, inama kuanzia kwenye nyonga, na kila baada ya muda simama, panga mwili wako kama tulivyofanya sasa, vuta pumzi tano, kisha uendelee. Haba na haba hujaza kibaba.

Nisiwadanganye: zoezi hili si dawa ya kila maumivu, na hakuna mkao mmoja unaofaa kutwa nzima, kwani mwili uliumbwa utembee na ubadilike. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, shirika hilo limeyataja mazoezi na elimu miongoni mwa tiba zinazofaa, na halikupendekeza mikanda ya kiuno. Kabla hujatoa fedha yako ya mpunga kununua mkanda, muulize mtaalamu.

Aidha, zipo dalili zisizongoja zoezi: maumivu yanayoambatana na ganzi au udhaifu wa miguu, kushindwa kuzuia haja, homa, kupungua uzito, au kikohozi kilichozidi wiki mbili, kwani kifua kikuu hushambulia hata uti wa mgongo. Mwenye dalili hizo awahi zahanati, kituo cha afya, au Hospitali ya Mtakatifu Fransisko hapa Ifakara. Asinunue vidonge vya maumivu dukani mwezi baada ya mwezi huku ugonjwa ukijenga nyumba.

Ombi langu kwa vikundi vya akina mama, madereva wa bodaboda na walimu ni moja: kabla ya kuanza kazi, kikao au kipindi, tengeni dakika mbili msimame pamoja. Hakuna ada, wala hakihitajiki kifaa. Kinachohitajika ni miguu miwili juu ya ardhi ya Mlabani.