Namba Yako Anaijua Nani?

Juma hili nazungumzia jambo linaloonekana dogo: ukipiga namba ya simu, ni nani anayejua mwenye namba hiyo yuko wapi?

Chukua mgeni anayeshuka basi hapa Ipogolo, akitafuta nyumba ya mjomba wake. Haendi Dar es Salaam kutazama daftari. Humwuliza mwenye duka. Huyo asipojua, humwuliza fundi baiskeli jirani yake, na fundi humpeleka kwa balozi wa nyumba kumi. Mgeni anafika.

Simu zinazopita kwenye intaneti nazo zina njia mbili. Ya kwanza ni daftari. Mwaka 2000 wataalamu walichapisha kanuni za mpango uitwao ENUM. Namba inayoanza na 255 ya Tanzania, 254 ya Kenya au 256 ya Uganda hugeuzwa kuwa anwani ya intaneti, na kila nchi hutunza ukurasa wake. Mpango ni mzuri, lakini hungoja serikali iridhie, na nchi nyingi hazikufika mbali.

Njia ya pili ni hiyo ya mgeni wetu. Mwaka 2004 Mmarekani Mark Spencer alitoa mpango wa DUNDi. Mtambo wa simu huuliza mitambo jirani unayoiamini, nayo huuliza jirani zake, mpaka jibu lipatikane. Makao makuu hakuna.

Jambo hili linatuhusu, maana gharama ya kutoulizana tunaijua. Kabla ya kituo cha kubadilishana mawasiliano ya intaneti cha Nairobi kufunguliwa tena mwaka 2002, na cha Dar es Salaam kuanza mwaka 2004, barua baina ya kampuni mbili za mji mmoja iliweza kuzungukia Ulaya au Marekani kwa setilaiti, ikilipiwa kwa fedha za kigeni.

Hata hivyo, ujirani una sharti lake. Mwongo akimwelekeza mgeni kwenye nyumba isiyo yenyewe, mgeni ataibiwa. Ndiyo maana DUNDi iliwekewa mkataba: usitangaze namba usiyo na haki nayo.

Rai yangu ni hii. Serikali zetu zigawe namba na kuwabana matapeli, hiyo ni kazi yao. Lakini mitandao ya Iringa, Kisumu na Mbarara iachwe iulizane yenyewe. Jirani asilazimishwe kupitia ng'ambo ili amwite jirani.

Hadi juma lijalo, kwaherini.