Gavana Huchaguliwa Aprili: Mchujo na Kiti cha Wadi Katika Ngome za Vyama



Niliombwa nizungumzie umuhimu wa kupiga kura. Kwa ruhusa yenu nitaipunguza mada hiyo. Kura ya uchaguzi mkuu wa Agosti haikosi wa kuipigia debe: wagombea, redio na mimbari zote huihubiri. Nitashughulika na kura mbili tunazozipuuza, ya mchujo ndani ya chama na ya mwakilishi wadi.

Mahali palipo na chama kimoja chenye nguvu, mwenye tiketi ya chama hicho amekwisha kushinda. Siaya na Homa Bay wanalijua hilo kwa ODM. Sisi wa Kiambu tulilijua kwa Jubilee mwaka 2017. Aprili mwaka huo William Kabogo, gavana wetu wa kwanza, aliangushwa mchujoni na Ferdinand Waititu, aliyekuwa mbunge wa Kabete. Kabogo akarudi Agosti kama mgombea huru, akashindwa tena. Katiba inamruhusu mtu kusimama bila chama, lakini katika ngome mlango huo ni mwembamba sana. Kwa hiyo aliyekaa nyumbani Aprili, kisha akaamka usiku wa manane Agosti kupanga foleni, alikwenda kuidhinisha jambo lililoamuliwa na wenzake.

Yaliyofuata mnayajua. Desemba 2019 wawakilishi wadi wa Kiambu walipiga kura ya kumng'oa Waititu, Seneti ikaafiki Januari 2020, na naibu wake, James Nyoro, akaapishwa. Februari 2025 mahakama ikamtia Waititu hatiani katika kesi ya zabuni ya barabara. Sisemi haya ili kumsafisha Kabogo. Waliomkataa walikuwa na sababu zao, na haki yao ilikuwa ni hiyo. Ninalotaka mlione ni kwamba gavana alipatikana kwa kura ambayo wengi wetu huiona ni shughuli ya wenye chama, kisha akaondolewa na watu tuliowachagua kwa karatasi ya sita ya kura, ile ambayo mtu huitia alama huku akili imekwisha kufika nyumbani.

Karatasi hiyo ya sita inastahili heshima zaidi. Kenya ina wadi 1,450, na 60 kati ya hizo ziko Kiambu. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti zahanati na hospitali zake, chekechea, masoko, barabara za kaunti, takataka, na leseni za baa. Katika mwaka wa fedha wa 2023/24 kaunti zote 47 zilitengewa Sh385.4 bilioni kama mgao wao wa mapato ya taifa. Gavana hawezi kutumia fungu la kaunti yake kabla bunge la kaunti, wanamoketi wawakilishi wadi, halijapitisha bajeti. Mama anayeuza nyanya sokoni akinyeshewa kwa kukosa paa hana haja ya kumtafuta seneta. Mtu wake ni mwakilishi wadi, na mara nyingi ni mtu anayejua hata anakoishi. Ndiyo maana mimi siipendi kampeni ya suti ya vipande sita, ile ya kukipigia chama kimoja karatasi zote sita. Inamwomba mpiga kura asiangalie hasa pale anapoweza kuona vizuri.

Sasa, kwa nini watu hawaendi mchujoni? Tusiwalaumu haraka. Vyama vyenyewe vimeichafua kura hiyo. Ijumaa ya 21 Aprili 2017 Jubilee ililazimika kuusitisha mchujo wake baada ya watu kujitokeza na kukuta vifaa havitoshi. Kwingine tiketi hutolewa moja kwa moja, na mwananchi husikia jina redioni. Kuna pia vurugu, ambazo huwafukuza wanawake kwanza, wapiga kura na wagombea. Mwaka 2017 wanawake waliochaguliwa kuwa wawakilishi wadi walikuwa 96 tu nchi nzima.

Hata hivyo, kususia ndiko kunakomfaa mhongaji. Tuseme mchujo wa wadi umepigiwa kura na watu elfu moja, na mshindi akampita mwenzake kwa kura 80. Mwenye pesa hahitaji hata harambee kulijaza pengo hilo. Anahitaji matatu mbili na unga wa siku moja. Waje watu elfu sita, hesabu inamshinda. Wingi wetu hautazuia hongo, ila utaipandisha bei, na wagombea wengi wa wadi hawana mfuko wa bei hiyo.

Sheria ya Vyama vya Kisiasa, kama ilivyorekebishwa mwaka 2022, inakiruhusu chama kuteua wagombea kwa kura ya wanachama au kupitia wajumbe. Chama chako kikichagua njia ya wajumbe, basi kura yako imekwisha kupigwa mapema, kwenye uchaguzi wa chama wa mashinani. Wengi hudhani mikutano ile ni ya kugawana vyeo na soda.

Na kwa vyovyote vile, lazima jina lako liwe kwenye sajili ya wanachama. Hapa pana mtego. Mnamo Juni 2021 Wakenya wengi walipotazama sajili ya Msajili wa Vyama vya Kisiasa walijikuta wameandikishwa katika vyama wasivyowahi kujiunga navyo. Mwenye jina kwenye chama kingine hatakiwi mchujoni kwa chama anachokitaka, na anayetaka kuwa mgombea huru lazima awe nje ya chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027, na mchujo huja miezi kadhaa kabla yake. Kuangalia jina lako liko chama gani hufanyika kwenye eCitizen kwa nambari ya kitambulisho, na kujitoa pia huanzia hapo. Naomba mwenyekiti aturuhusu tutumie dakika za maswali kwa kazi hiyo. Wenye simu wakae karibu na wasio nazo.